Inawaka Kinole, Inazima Mjini

Kofi la kwanza lilimkuta Halidi bado anacheka.

Na alikuwa na haki ya kucheka. Jackson, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha Mji Mpya, alikuwa amemnyooshea kidole mbele za watu na kupaza sauti: "Jamani, mwizi huyo! Tangu lini Mluguru akamiliki simu ya kupangusa? Mkamateni kabla hajaipandisha mlimani akaichemshe na maboga!"

Jackson alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Halidi alikuwa Mluguru wa Kinole, na baina yao kulikuwa na utani ulioachwa na mababu waliopita bonde hili na mizigo vichwani. Mtani akikuita mwizi, unamwita mchawi. Akikuuliza baba yako atakufa lini apate kuja kula wali, unamwambia aje na sufuria lake. Kununa hairuhusiwi, na atakayenuna atachekwa mpaka uzeeni. Kwa hiyo Halidi alisimama mbele ya meza ya fundi, simu yake ya buluu mkononi, meno nje, akitafuta tusi tamu la kumrudishia mtani wake.

Kofi halikutoka kwa mtani. Lilitoka kwa Athanas, fundi tairi wa ng'ambo ya barabara, jibaba lenye viganja vya kufungulia nati bila spana. Wiki mbili zilizopita Athanas aliibiwa pikipiki mlangoni kwake, na tangu siku hiyo neno mwizi lilikuwa likimfanya atetemeke midomo.

"Rudia kucheka," alisema. "Rudia nikuone."

Pengine ingeishia hapo. Jackson alishaanza kushuka kwenye pikipiki yake akisema, "Oya, bro, huyo mtani wangu, natania." Lakini nyuma ya Athanas alitokea mwanamke mwenye mkoba wa daftari, anahema, kitambaa kimemtoka kichwani. Alikuwa mwalimu Stella, aliyehamishiwa Morogoro mwaka juzi, na asubuhi ile vijana wawili wa pikipiki walimpora simu akielekea shuleni. Tangu saa mbili alikuwa akizunguka kwenye meza za mafundi, kwa sababu mjini kila mtu anajua simu ya wizi hupelekwa wapi ioshwe, ifutwe kila alama ya mwenyewe. Hakujua nani ni mtani wa nani. Alisikia mwizi, akageuka, akaona simu ya buluu.

"Hiyo ni yangu!" alipiga kelele. "Mungu wangu, ni yenyewe! Rangi ile ile!"

Mikidadi aliyaona yote akiwa amekaa nyuma ya meza yake ya vioo, bisibisi mdomoni. Ndiye fundi aliyetoka kuikabidhi simu ile. Moyo wake ulikuwa wa kwanza kujua kwamba mambo yameharibika.

"Iwashe," mtu mmoja alisema. "Tuone picha. Simu haikosi picha ya mwenyewe."

Wakamnyang'anya Halidi. Wakaiwasha. Kioo kilileta neno la kukaribisha mgeni na orodha ya lugha, kama simu iliyotoka dukani leo. Hapakuwa na picha wala jina wala wimbo.

"Kaifuta!" Athanas alinguruma. "Si mnaona? Wanafuta hawa! Hata siku haijaisha!"

Fimbo ya kwanza ilimshukia Halidi begani.

Halidi hakufuta kitu. Aliyefuta alikuwa Mikidadi.

Kijana yule alifika saa tatu asubuhi, amepanda pikipiki ya mazao toka Kinole, mikono inanuka mdalasini. Alimwamkia vizuri, akaweka simu mezani kama mtu anayemleta mtoto zahanati. "Kaka Miki, waifai haiwaki," alisema. "Nikigusa kitufe kinateleza, kinarudi chenyewe. Mahali pa laini pameoza tangu mvua za mwezi wa nne, kwa hiyo waifai ndiyo roho yangu. Wanunuzi wangu wa karafuu wote wako humo." Kisha akaongeza jambo ambalo Mikidadi alilisikia kwa sikio moja. "Ajabu yake ni hii: nikiwa Kinole alfajiri, ukungu umeshuka, inawaka vizuri tu. Nikishuka mjini, jua likipanda, inazima."

Mikidadi alicheka. Miaka tisa kwenye meza ile, aje mkulima wa ndizi kumfundisha waifai na ukungu! "Mdogo wangu, simu haina malaria," alisema. "Ni programu hiyo. Kanywe chai, rudi baadaye." Akaichomeka kwenye kompyuta, akaiflashi: akafuta kila kilichomo na kuipakia programu upya. Hakuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi. Hakuwahi kumuuliza mteja yeyote. Kuflashi ni dakika ishirini na hakuchafui mikono, na kazi tano kati ya kumi hupona hapo hapo. Kufungua simu, kuchokonoa mpaka kwenye chipu, kuipasha moto kwa bloa bila kuiunguza, hiyo ni kazi ya nusu siku na roho mkononi. Waifai haikuwaka. Akamrudishia Halidi simu na kumwambia avumilie, kifaa kitaagizwa Dar.

Sasa Halidi alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la barabara na damu inamtoka puani.

"Muulizeni fundi!" alikuwa akilia. "Kaka Miki! Waambie! Kaka Miki, si umeishika wewe?"

Watu wakamgeukia Mikidadi. Na Mikidadi, aliyekuwa hodari wa maneno kila siku ya Mungu, aliyewahi kumtolea tusi askari wa usalama barabarani akaondoka mzima, alikaa kimya. Kusema mbele ya umati ule, nimeifuta mimi, ilikuwa sawa na kusema, mimi ndiye ninayewaoshea wezi. Mwaka jana upande wa Msamvu fundi mmoja alisema hivyo hivyo, kwa ukweli wake, na meza yake ikachomwa naye akiwa ameishikilia.

"Nimeletewa tu," alisema, na sauti yake haikumfikia hata mwenyewe.

Ilitosha. Kimya chake kiliwaingia watu kama petroli.

Jiwe lilimpata Halidi kwenye nyonga. Mwanamume mmoja aliyebeba fungu la mchicha aliuweka mchicha wake chini kwa uangalifu, akampiga teke la mbavu, akauokota mchicha wake na kuendelea na safari. Wengine walikuja na vipande vya mbao, mmoja na mkanda wa suruali. Jackson alijitupa katikati akapiga kelele, "Ni utani! Nilitania, jamani, huyu mtani wangu! Mimi Mnyamwezi, yeye Mluguru!"

"Wewe ndiye uliyemtaja kuwa mwizi!" walimjibu. "Sasa unamtetea? Mnagawana nini?" Kichwa cha mtu kikampiga Jackson usoni, akaenda chini na mdomo uliopasuka.

Halidi aliunyoosha mkono wa kulia ardhini ili ainuke. Athanas akaukanyaga kwa buti. Mikidadi aliisikia ile sauti kule alikokuwa, sauti ya muwa unaovunjwa gotini, halafu akausikia ukelele wa Halidi. Athanas akavuka barabara kwenda kwenye rundo lake la matairi. Hakuchagua. Alichukua la juu kabisa.

Ni tairi lile lililomwinua Mikidadi. Aliruka meza, na vioo vya wateja vikamwagika nyuma yake vikapasuka. Akapita katikati ya fimbo, moja ikamchana sikio, akasimama juu ya Halidi, miguu huku na huku.

"Nimeifuta mimi!" alibweka. "Mnasikia? Mimi, Mikidadi! Nimeiflashi mimi saa nne leo, kwa ujinga wangu, nikitafuta waifai!"

Ngumi ilimjia, ikamkuta taya. Akayumba, hakuanguka.

"Piga tena!" alimwambia aliyempiga. "Ukimaliza unisikilize. Mwalimu! Mwalimu Stella, wewe umesoma, nisikilize wewe. Simu ikifutwa inadai akaunti ya mwenyewe. Haifunguki mpaka akaunti ile ile iliyokuwemo iingie. Kama ni yako, ingiza ya kwako. Ikikubali, mimi mwenyewe nitaleta kiberiti."

Stella alikuwa amejishika mashavu. Alikuwa amekuja kutafuta simu, sasa alikuwa akitazama mkono wa mtu uliopinda mahali pasipo na kiungo. "Basi tuingize," alisema. "Tuingize tu. Tafadhalini, ngojeni."

"Inataka intaneti," Mikidadi alisema.

"Weka laini!"

"Mahali pa laini pameoza."

"Washa waifai!"

Mikidadi alimeza damu. "Waifai haiwaki. Ndiyo maana aliileta."

Umati ulicheka. Kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko mawe. Athanas alilitupa tairi, likazunguka likalala kando ya kichwa cha Halidi. Mtu mwingine alikuwa ameshamletea chupa ya maji iliyojaa petroli, akaifungua kizibo kwa meno.

"Hadithi nzuri," Athanas alisema. "Toka hapo, Miki. Nakuheshimu. Toka."

Petroli ilimwagika mgongoni kwa Halidi na kwenye miguu ya Mikidadi. Baridi yake ndiyo iliyomshtua. Ilikuwa saa saba, jua la Morogoro limesimama wima, na kitu kile kilimpanda miguuni kikiwa cha baridi. Juu ya mabati ya Mji Mpya milima ya Uluguru ilikuwa imekaa na mawingu yake kichwani. Nikiwa Kinole alfajiri, ukungu umeshuka, inawaka vizuri tu.

Kijana alikuwa ameshamwambia! Alikuwa ameuleta ugonjwa na dawa yake mkononi, naye akamcheka. Programu haijui baridi wala joto. Bati la saketi, lile linalobeba chipu ndani ya simu, ndilo linalojua: likipata joto linajikunja, mguu wa chipu ulioachia unainuka, waifai inakufa, likipoa, mguu unarudi kukaa.

"Dada Zuhura!" alipiga yowe. "Barafu!"

Zuhura alikuwa akiuza juisi ya ukwaju na lambalamba kwenye kona, na tangu fimbo ya kwanza alikuwa na simu sikioni akiwaelekeza polisi njia. Hakuuliza barafu ya nini. Alilibeba boksi lake zima kifuani, akawasukuma wanaume kwa nyonga. "Nipisheni, mbwa ninyi! Mna mama nyie? Nipisheni!" Akalitua miguuni pa Mikidadi.

"Dakika tano," Mikidadi alimwambia Athanas. "Kiberiti unacho wewe. Nitakimbilia wapi, na petroli miguuni?"

Athanas aliutazama ule umati, akauona umekaa tayari kutazama. "Tano," alisema. Akakitoa kiberiti, akakishika mkononi.

Mikidadi aliifunga simu kwenye vifuko vya lambalamba, viwili, vitatu, akaizika ndani ya barafu. Akaweka viganja vyake juu. Chini yake Halidi alikuwa akipumua kwa filimbi. Mtu alirusha kokoto, ikamgonga Halidi paji, Zuhura akaokota nyingine akamrudishia aliyerusha, tena kwa shabaha. Hakuna aliyecheka. Vidole vya Mikidadi vilikufa ganzi, naye akaendelea kuikandamiza.

"Jackson! Una bando?"

Jackson aliinuka vumbini, mdomo umevimba kama andazi. "Ninalo."

"Washa, unigawie mtandao. Sogea hapa."

Akaitoa simu, akaikung'uta, akagusa kitufe cha waifai. Kikateleza. Kikarudi.

"Basi," Athanas alisema.

"Bado!" Akailaza chali juu ya kipande kikubwa cha barafu, akaibana kwa kidole gumba pale juu kwenye kona, mahali chipu inapokaa, akabana mpaka ukucha ukawa mweupe. Akagusa tena kwa mkono mwingine. Kitufe kikateleza.

Kikakaa.

Jina la simu ya Jackson likatokea. *Mtoto wa Tabora.* Mikidadi aliunganisha, na hakuthubutu kuondoa kidole.

Stella aliandika kwanza, vidole vinamruka, akakosea, akarudia. Jibu likaja kwa Kiswahili safi: tumia akaunti iliyokuwa kwenye simu hii. Akaandika tena, polepole, herufi moja moja. Jibu likawa lile lile.

"Si yangu," alinong'ona. Kisha akageuka akawapigia kelele wote. "Si yangu! Si simu yangu!"

"Hiyo haina maana ni yake," alisema Athanas. "Labda kaiba kwa mwingine. Aingize yeye. Haya, mwizi, nenosiri?"

Halidi aliinua kichwa. Jicho moja lilikuwa limejifunga. "Silijui," alisema.

Watu wakaunguruma. Njiti ikakwaruzwa.

"Hajui kwa sababu akaunti yake nilimfungulia mimi!" Mikidadi alisema. Sasa alikuwa anayavuta ya mwisho, yale ambayo hakuwahi kumwambia hata mkewe. "Nawafungulia wote. Anayejua nenosiri la akaunti yake hapa anyooshe mkono. Haya! Nyoosheni!"

Mkono wa Stella ulipanda. Peke yake. Wanaume waliokuwa na mbao wakatazamana.

"Athanas, wewe yako nilikufungulia mwezi wa saba. Unalijua nenosiri lako?"

Njiti iliwaka mpaka ikamfika Athanas kidoleni, akaitupa kando, akaikanyaga.

"Nimewapa wote moja," Mikidadi alisema. "Wewe, huyu, yule mama pale, nusu ya mtaa huu. Neno moja tu, nisije nikasahau. Milima, na herufi kubwa mwanzo, na mwaka niliofungua meza. Sasa mnajua. Nitajibu baadaye. Huyu mtu kwanza."

Akauliza namba ya simu ya Halidi, Halidi akaitaja kwa midomo ya damu, nayo ikakubali. Akaandika lile neno. Kigurudumu kikazunguka. Maji ya barafu yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Mtandao ukafifia, akabana kwa nguvu zaidi, ukarudi. Kigurudumu kikazunguka, kikazunguka, halafu jina likaja, na baada ya jina zikaanza kushuka picha.

Mikidadi hakuinua simu. Aliwaambia wainame.

Wakainama mmoja mmoja. Halidi na gunia la karafuu. Halidi na bibi mzee kwenye baraza ya udongo, migomba nyuma yao na ukungu juu ya migomba. Halidi anacheka, amemshika mbuzi masikio. Na moja ya juzi juzi, kwenye kijiwe cha Mji Mpya: Halidi na Jackson wamekabana shingo kwa utani, ndimi nje.

Aliyekuwa na mkanda aliuvaa. Mbao zilianza kuanguka, si kwa kutupwa, kwa kuachiwa tu, kana kwamba hazikuwa za mtu. Kila mmoja alikumbuka alikokuwa akienda. Athanas aliliinua tairi lake, akavuka nalo barabara, akalirudisha juu ya rundo, akalinyoosha likae sawa. Alikaa juu yake, akajifunika uso.

Stella alipiga magoti, akavua khanga iliyokuwa begani mwake, akaanza kuufunga ule mkono. Aliomba radhi, akaomba tena. Halidi alimtazama kama mtu wa mbali.

Jackson alichuchumaa mbele yake. Machozi yalichanganyika na damu ya mdomo. "Mtani," alisema. "Mtani wangu. Mimi ndiye... mdomo wangu huu..."

Mkono wa kushoto wa Halidi, ule mzima, ulikuwa umekunja ngumi. Lakini mbele yake alikuwa mtani, na kwa mtani hakuna kisasi. Neno lake halikuwa kosa hata lilipogeuka moto. Mababu walilifunga hilo zamani, na hakuna alichoweza kulifungulia.

"Mnyamwezi mchawi," Halidi alisema, kwa kukohoa. "Wali wangu... umeukosa."

Jackson akalia kwa sauti.

Ndipo Halidi akageuza lile jicho moja, akalizungusha, akamkuta Mikidadi. Mikidadi alikuwa Mluguru mwenzake. Hakuwa na utani wa kujifichia.

"Nilikwambia," Halidi alisema. "Nilikwambia inawaka Kinole."

"Uliniambia."

"Halafu nikakuita. Nikakuita jina, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Halidi alijiinua kwa kumshika Jackson bega, akasimama, akayumba, na kwa mkono wake wa kushoto, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akampiga Mikidadi ngumi ya mdomo. Mikidadi aliiona ikija. Mtu ambaye hakuwahi kuacha hata neno lipite bila kulijibu aliacha mikono yake ining'inie, na ngumi ikafika. Alianguka juu ya vioo vyake vilivyovunjika, akakaa hapo hapo.

Wakampandisha Halidi kwenye pikipiki, Jackson mbele, Zuhura nyuma amemkumbatia, wakaelekea hospitali. King'ora cha polisi kilikuwa kikija kutoka barabara kubwa.

Mikidadi aliokota simu kwenye maji ya barafu. Waifai ilikuwa imeshakufa. Jua lilikuwa limeikumbuka. Aliweka meza sawa, akasafisha nafasi ya upana wa kiganja, akavuta kiti. Wateja wawili walisimama kando, walioyasikia yale ya nenosiri, wakimtazama kwa macho ya watu wenye madai. Hakuwatazama. Alitema jino kwenye kiganja, akaliweka kando ya bisibisi. Akaizima simu, akaifungua mgongo, skrubu moja baada ya nyingine, mpaka chipu ikatokea, ndogo kuliko ukucha. Kisha akawasha bloa.